Kiti Namba Saba na Safu ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Loons, timu yetu ya mpira wa barafuni, wamefungwa tena. Nne kwa moja, nyumbani. Mara ya tatu mfululizo. Hongera sana, kocha!

Asubuhi nilikwenda mgahawani kama kawaida. Meza ya dirishani, wastaafu sita wa kiwanda cha karatasi, kahawa, na zile keki za persiani zenye sukari ya waridi juu. Mji mzima wa Thunder Bay unajua kwamba timu hupangwa pale. Kocha peke yake ndiye hajaarifiwa. Ukutani kuna ubao. Juu ya ubao kuna safu nne za washambuliaji, watatu watatu, wanaopokezana barafuni kila baada ya dakika moja hivi. Safu ya kwanza ndiyo wafalme. Ya nne ni ya kuwapumzisha wafalme. Mtoto wa chekechea anaelewa.

Kalamu ya ubao anayo mwenzetu wa mezani, Bernard Tessier. Mwaka 2019 alibashiri safu zote nne bila kukosea hata jina moja, akapewa kalamu. Tangu siku hiyo anaibeba kwenye mfuko wa shati kama daktari.

Nikasema, kwa mara ya mia, kwamba tatizo letu ni Kasper Wozny kuozea safu ya nne. Tessier akasema Wozny ana magoli mawili tangu Oktoba, na moja kati ya hayo kisahani cha mchezo kilimgonga mgongoni kikaingia chenyewe. Nikasema kukaa na mgongo mahali panapofaa nako ni kipaji. Meza nzima ikacheka. Tessier akafuta midomo, akanigeukia: “Arvo, wewe bwana, ungekuwa kocha wewe, hata kipa angecheza winga.”

Damu ikanipanda. Nikaweka dau.

Wozny akianza safu ya kwanza, kalamu ni yangu. Asipoanza, namwachia Tessier kiti changu cha uwanjani mpaka mwisho wa msimu. Kiti namba saba! Nyuma tu ya benchi la wachezaji wetu. Nimekirithi kwa marehemu baba. Mimi nitakwenda kukaa cha Tessier, nyuma ya nguzo, ambako goli moja unaliona na la pili unasimuliwa. Tessier alitaka dau liamuliwe na mechi ya Jumamosi. Mimi nikasema hapana, liamuliwe na ile ya Jumapili. Siku moja ya ziada. Yeye hajui kupiga hesabu za namna hii.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Kiti namba nane ni cha Helvi. Tumekaa pale pamoja miaka thelathini na moja, na blanketi moja na themosi moja. Hakuinua macho kwenye ufumaji wake. Alisema kiti ni changu, sawa, lakini nani anakaa ubavuni pake lilikuwa jambo la kuulizana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, dau nimeshashinda.

Jumanne, 4 Machi

Nilikwenda kutazama mazoezi. Mazoezini kila safu huvaa rangi yake. Nyekundu ya kwanza, buluu ya pili, nyeupe ya tatu, kijani ya nne. Njano ni za wasio na safu, wanaosubiri mwenzao avunjike. Sisi wa meza ya dirishani huzisoma zile jezi kwa makini kuliko tunavyosoma barua za daktari.

Wozny: kijani.

Mwenye nyekundu ni Beaulieu, yule winga anayekwepa kona za uwanja asije akaguswa. Anasifiwa kwa nywele. Tessier alikuwa viti viwili mbele yangu. Alipiga mluzi tu.

Baadaye tulibishana juu ya wachezaji wa akiba. Tessier anadai kikosi kina watu wa kutosha. Nikamuuliza, Beaulieu akiumia nani anaingia? Akataja majina matatu. Nikamwambia wawili kati ya hao wanateleza kama watu waliobeba friji. Akauliza wa tatu je. Nikasema wa tatu ndiye friji.

Nilicheka peke yangu. Watu wa mji huu hawana ucheshi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: shinikizo la umma.

Kuna kipindi cha mchana redioni, mashabiki hupiga simu. Nilipiga mara tatu. Mara ya kwanza nikawa Gunnar, mwenye duka la vyombo vya uvuvi. Mara ya pili nikawa mwalimu mstaafu. Mara ya tatu nikawa mjane mwenye sauti nyembamba, aliyesema marehemu mumewe alifariki akililia Wozny aende safu ya kwanza. Nilikaribia kulia mwenyewe.

Mtangazaji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha hewani, mji mzima ukisikia, akasema: “Pole sana, mama. Na wewe Arvo, kunywa dawa ya hicho kikohozi, leo ni mara ya tatu unanikoholea.”

Helvi alikuwa jikoni na redio yake. Nilisikia sufuria ikianguka. Halafu kicheko, kirefu, cha mtu asiyemheshimu mumewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili. Huu ni wa akili.

Shemeji yangu Toivo, kaka yake Helvi, anafua jezi za Loons. Mwaka wa tisa sasa. Kila asubuhi ya mazoezi hutundika jezi kwenye misumari ya wachezaji, kila mtu na rangi yake, kwa orodha ya kocha. Mchezaji havai anachotaka. Anavaa anachokikuta.

Nilimwita kwenye sauna yetu, kile kibanda cha kuogea mvuke. Nikamwagia mawe ya moto maji taratibu, nikampa samaki wa moshi, nikamsifia goti lake lililopona. Kisha nikamwomba jambo dogo tu. Nyekundu moja iende msumari wa Wozny. Kijani moja iende kwa Beaulieu. Basi! Dunia haitasimama.

Toivo aliacha kutafuna. Alisema, “Shemeji, hiyo kazi ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi. Wakinifukuza nitakwenda wapi?” Nikamwambia hakuna atakayejua. Akasema kocha anajua kusoma rangi. Nikamwambia kwa matokeo ya mwezi huu, hilo halijathibitishwa.

Alikataa mara tatu. Mara ya nne nikaahidi kumwondolea theluji ya paa mpaka Aprili. Ana paa kubwa. Akaomba kipande kingine cha samaki. Nikajua nimempata.

Ijumaa, 7 Machi

Loo! Loo! Loo!

Saa nne asubuhi Wozny aliingia barafuni akiwa na NYEKUNDU. Beaulieu akaingia na kijani, uso umemvimba.

Kocha alisimama kuwatazama. Nilimwona. Alimtazama msaidizi wake wa kwanza. Wa kwanza alidhani ni kazi ya wa pili, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyearifiwa. Wa pili alidhani ni amri ya kocha, akasema mabadiliko mazuri haya. Ikabaki kocha aseme kwamba yeye hajui kinachoendelea katika timu yake mwenyewe. Hakusema. Akapuliza filimbi.

Hivi ndivyo timu ya kulipwa inavyoendeshwa. Na mimi wananiita mropokaji!

Wozny aliruka kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo. Tessier aligeuka, amepauka, akaniuliza nimejuaje. Nikasema mpira wa barafuni ni kusoma, Bernard, si kuota. Mgahawani alifuta jina la Beaulieu kwa mkono wa shati lake mwenyewe, akaandika Wozny. Nilikula persiani mbili.

Toivo alipiga simu jioni. Amepanda kitandani mapema kwa hofu. Nikamwambia ajifunike vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kuu ya maisha yangu, ukiacha harusi. Helvi anaweza kusoma daftari hili, kwa hiyo naandika tena: ukiacha harusi.

Tulicheza na wale wa Duluth. Wozny, safu ya kwanza, magoli MATATU. Goli la tatu watu wakavua kofia na kuzitupa barafuni, kama inavyotakiwa mtu akifunga matatu. Nami nikatupa yangu. Ilikuwa kofia ya manyoya ya baba. Nilikumbuka hilo ikiwa hewani. Wafagiaji waliikusanya na nyingine mia mbili kwenye mifuko myeusi. Si kitu. Baba angeelewa. Pengine.

Helvi alinishika mkono goli la tatu lilipoingia. Hajanishika mkono uwanjani tangu tukiwa na meno yote. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Wakati wa mapumziko nilimwona bwana mmoja mgeni, koti refu la kijivu, anaandika kwenye kijitabu. Mwandishi wa habari, nikajua mara moja. Nikaenda kumsaidia. Nilimweleza habari zote za Wozny: kasi yake, mgongo wake, jinsi anavyodhulumiwa hapa. Nilimpa takwimu zangu za msimu mzima, kurasa kumi na moja. Nikamwambia kijana huyu kwetu anapotea bure. Bwana alinishukuru sana. Aliuliza jina la Wozny linaandikwaje.

Kesho ndiyo mechi ya dau. Nimemwambia Tessier aichomoe kalamu mfukoni mapema, isije ikamganda.

Jumapili, 9 Machi

Toivo alipiga simu saa moja asubuhi. Nilidhani amefukuzwa. Hakufukuzwa. Alikuwa amebeba viatu vya barafuni vya Wozny kwenda uwanja wa ndege.

Yule bwana wa koti la kijivu si mwandishi. Ni mtafuta vipaji wa timu kubwa ya kusini, ile inayotumiliki sisi. Winga wao kaumia goti. Walikuwa wanatafuta mtu. Hawakuwa na uhakika nani; sasa wamemchukua Wozny. Toivo anasema mtu fulani aliwapa kurasa kumi na moja.

Nikakaa jikoni na simu mkononi. Helvi akauliza nani kafa.

Kama dau lingekuwa la Jumamosi, ningekuwa na kalamu. Tessier mwenyewe alitaka Jumamosi.

Jioni Beaulieu alirudi safu ya kwanza, amenuna, akacheza kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Tulifungwa tano bila. Hayo nimesimuliwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo.

Nguzo hii ni pana kuliko nilivyokuwa namcheka Tessier. Goli la kushoto halionekani kabisa. Katikati unaona nusu. Kinachoonekana vizuri sana, bila kizuizi chochote, ni kiti namba saba na kiti namba nane.

Nilimwona Tessier akikaa. Nilimwona Helvi akimfunika magoti kwa nusu ya blanketi. Kisha akafungua themosi, akammiminia kwenye kikombe changu. Cha buluu, chenye ufa mpinini. Kuna wakati Tessier alisema neno, Helvi akacheka mpaka akashika kifua.

Iliniuma. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Kwenye gari nikamuuliza Helvi kama alifurahia. Akasema tumefungwa tano, angefurahia nini. Halafu akasema Bernard anatazama mechi kimya, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi amewasikia wachezaji wakiitana barafuni. Sikujua kwamba wachezaji huitana. Tulipofika nyumbani akanambia amezungumza naye. Tessier yuko tayari kunirudishia kiti mechi ijayo. Masharti mawili: nimwombe radhi mbele ya meza nzima, na nisitaje safu yoyote mpaka msimu uishe.

Helvi alisema, “Arvo, mimi nakutaka pale ubavuni. Hata ukiropoka. Kesho nenda ukaseme hayo maneno mawili, urudi nyumbani.”

Nimeandika radhi yangu kwenye karatasi. Mistari minne. Ni nzuri, inatoka moyoni. Nimejifunza.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika mgahawani saa mbili na karatasi mfukoni. Tessier alikuwa muungwana, siwezi kumsingizia. Alinivutia kiti, akaniagizia persiani. Wazee wote wakaweka vikombe chini. Nikasimama, nikakohoa, nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili.

Mbele yangu ulikuwa ubao. Na kwenye ubao, safu ya nne, mahali pa zamani pa Wozny, palikuwa wazi. Tessier hakuwa ameandika mtu. Alisema hapana maana, yeyote yule wa njano ataziba.

Yeyote yule!

Sasa, jambo ambalo watu hawalijui kuhusu kukaa nyuma ya nguzo ni kwamba unaiona ncha ya benchi ambayo hakuna mwingine anayeitazama. Na nchani kule jana alikuwa amekaa mtu mmoja, Lindqvist, wa jezi za njano. Hakuingia hata dakika moja. Lakini jinsi alivyokuwa amekaa! Kuna ukaaji na ukaaji. Yule si wa safu ya nne. Yule ni safu ya kwanza, mtu yeyote mwenye macho angeona.

Nilitaka tu kulitaja kwa upole. Tessier akauliza radhi imeishia wapi. Nikasema Lindqvist ataanza safu ya kwanza kabla ya msimu kwisha, zimebaki mechi mbili. Mmoja wa wazee akafunika uso kwa kofia. Tessier akaniuliza taratibu, kwa huruma hasa, nimebakiwa na kitu gani cha kuwekea dau.

Nikafikiri. Nikamwambia: sauna.

Aliijenga baba yake Helvi kwa mikono yake. Helvi bado hajui. Nitamwambia Jumatano, akiwa ameshiba. Toivo hapokei simu zangu tangu saa nne, na mimi naomba nyekundu moja tu. Labda anafua. Nimetoa koleo na ngazi, naenda kuanza na paa lake.