Oili Isiyochafuka

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetangaza vita na Fundi. Moyoni, lakini vita ni vita. Nilimpelekea teksi yangu kwa sababu inakohoa. Kabla hata hajafungua boneti alikuwa anatikisa kichwa. Ati nimechelewa tena kumwaga oili. Ati kila kilomita elfu tano, hakuna mjadala. Nikamuuliza hiyo elfu tano kaiweka nani. Akasema injini yenyewe.

Shemeji naye alikuwepo, kaegemea teksi yake. Huyu kaka wa mke wangu hununua oili ya bei kali na kulitaja jina lake kwa sauti ya mtu anayemtaja mchumba. Akanikumbusha kwamba rahisi huvunja upishi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikirudi nilipita barabara ya maghala. Kuna duka pale ambalo sijawahi kulikuta wazi. Leo lilikuwa wazi. Ndani ameketi mama mmoja, kitambaa kimemziba masikio yote mawili. Rafu zote zina madumu ya aina moja, yameandikwa SINTETIKI KAMILI, basi. Hakuna jina la kampuni wala tarehe. Bei ya kutupa! Nikamuuliza imwagwe baada ya kilomita ngapi. Akayasoma maneno yangu midomoni, kisha akajibu polepole.

“Hiyo haichafuki, baba. Ila ukiona imejaa, imwage.”

Imejaa! Oili hupungua, haijai. Maskini, anauza asichokijua. Nimechukua dumu moja. Nitaipima mwenyewe, kitaalamu. Ikifaulu nitakuwa wakala wake, na Fundi atabaki kufungua boneti za kuku.

Jumanne, 4 Machi

Kipimo cha kwanza, tone juu ya karatasi nyeupe. Oili nzuri husambaa taratibu. Mbovu huacha doa jeusi katikati. Hii haikusambaa wala haikuacha doa. Ilikaa juu ya karatasi kama jicho. Nilihamia upande wa pili wa meza ili niione vizuri. Nayo ikahamia upande wa pili. Nimeandika: inashikamana vizuri.

Kipimo cha pili, baridi. Nimeiweka kikombeni, kikombe nikakiweka kwenye friji, pale panapogandisha. Mchana nimekitoa. Barafu kote, oili inamiminika kama maji. Safi! Kuna jambo moja dogo tu. Friji yetu, ambayo siku zote hukoroma kumshinda baba mkwe, imenyamaza. Inagandisha vilevile. Nikaubamiza mlango wake kwa nguvu zangu zote. Kimya.

Mke wangu alikuja akaweka sikio kwenye friji. Akanitazama. “Baba Watoto, hicho kitu kitoe humu ndani.”

Nimekitoa. Friji haijarudi kukoroma.

Kipimo cha tatu, moto. Nimeichemsha kwenye kikaango cha mke wangu mpaka chini pakawa pekundu. Haikutoa moshi hata kidogo. Nikashtuka kwa furaha na kikaango kikanidondoka. Nilikiona kikidunda kwenye saruji, mara mbili, kikazunguka, kikatulia. Nilikiona tu.

Alama kamili katika vipimo vyote.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimemwaga oili ya zamani, nikaitia hii kwenye teksi, pamoja na ile ya vipimo. Nikawasha. Haikuwaka. Nikawasha tena, na tena. Nilikuwa tayari kwenda kumtukana yule mama, mpaka nilipoweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa inatetemeka polepole, na ina joto, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Kumbe ilikuwa imewaka toka mwanzo!

Nimepita kituo cha teksi. Shemeji aliruka kama kakanyaga msumari, hakunisikia nikija. Siku nzuri sana. Fundi alikuja akainama na kusikiliza. Akainuka amekunja uso, akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wivu huo.

Abiria wa kwanza ni dada wawili, mtu na mdogo wake, waliingia wakigombana kwa fujo. Nilipofunga mlango, ugomvi ulikatika. Kwenye kioo niliwaona midomo inaendelea kwenda. Mkubwa alikuwa analia. Walishuka wakiangaliana kama watu walioangusha kitu njiani na hawajui ni nini. Kila mmoja akashika njia yake. Nimeandika: abiria hutulia.

Mbwa wa jirani alilifuata gari kama kawaida yake. Akafungua mdomo kubweka. Kisha akageuka na kutazama nyuma yake, kule ambako mbweko ungekuwa umekwenda. Tangu hapo yuko chini ya gari bovu la jirani, hataki kutoka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechomoa kijiti cha kupimia. Oili ni safi, rangi ya asali. Ila imepita alama ya juu. Jana niliitia ikafika kwenye alama, si zaidi. Oili inayozaa! Wakala gani duniani amewahi kuuza oili inayozaa? Nimefuta hesabu zangu zote. Nilikusudia kuimwaga baada ya elfu kumi na tano. Sasa sitaimwaga kabisa.

Bado nilikuwa nimeinamia injini mke wangu alipotokea mlangoni, ameushika mkono. Aliteleza bafuni. Anasema aliniita, akaniita, akaniita mpaka koo likamkauka. Dirisha la bafu linatazamana na boneti. Nilimwambia angepaza sauti kidogo. Kifundo cha mkono kimevimba kama andazi. Kaka yake ndiye aliyempeleka hospitali, kwa ile teksi yake yenye makelele. Nilitaka kuwapeleka mimi. Mke wangu alilitazama gari langu, akarudi nyuma.

Hajazungumza nami tangu arudi. Au amezungumza. Siku hizi sina hakika.

Ijumaa, 7 Machi

Mkosi. Baba mkwe alikuwa anakuja kumjulia hali binti yake, kwa miguu, na fimbo yake. Nilimkuta kwenye kona anavuka. Nikapiga honi. Hakuna. Nikaipiga kwa ngumi. Hakuna. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, nikapiga kelele, na kelele yangu mwenyewe sikuisikia. Koo liliuma tu.

Gari lilisimama likiwa limeigusa suruali yake. Bado hakugeuka. Mzee husikia vizuri kuliko sisi sote.

Alipogeuka niliona ananishushia maneno. Nilishuka, nikasogea, na nilipoligeuzia gari mgongo ndipo sauti ikanifikia, mkia wake tu: “...mpumbavu wa mwisho!” Mwanzo wake sitaujua.

Mke wangu alikuwa amesimama langoni. Aliona yote. Shemeji alininyang'anya funguo. Wamelisukuma gari hadi gereji, kwa sababu hakuna aliyekubali kuliendesha.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi alilegeza nati chini ya injini asubuhi, jua limeshapanda, sote tukiwa tumesimama. Oili ilishuka bila sauti. Ikajaza beseni. Akaleta la pili, likajaa. La tatu. Fundi alikuwa ameanza kutoka jasho. Gari lilichukua dumu moja tu, na lile dumu halikuisha.

Kisha mabeseni yakaanza kuongea.

Kwanza ilikuwa ngurumo ya gari langu, na kile kikohozi chake. Halafu friji ikakoroma. Kikaango kikadunda. Mbwa akabweka, na huko mbali, chini ya gari bovu, mbwa mwenyewe akalia. Wale dada wawili wakagombana mpaka mwisho, na tukamsikia mkubwa akisema, “Nisamehe mdogo wangu, sina mwingine.” Honi ikalia, ndefu. Kelele yangu ikafuata. Sikujua nina sauti ya namna ile.

Halafu mke wangu. “Baba Watoto! Njoo! Baba Watoto!” Mara nyingi. Kila mara sauti ilizidi kupungua.

Alikuwa amesimama pembeni yangu, mkono umefungwa bendeji, anajisikiliza.

Nilidhani yamekwisha. Lakini chini ya hizo kulikuwa na sauti nyingine, ambazo hazikutoka kwenye gari langu. Watu wengi, wazee na watoto, wanaita majina. Wanaita kama wanaoita kutoka chumba cha pili. Shemeji, anayejua kila kitu, alirudi nyuma hatua mbili. Na mmoja wao akaniita mimi, jina langu lenyewe ambalo hata mama alilisahau kwa kunizoea kwa la utani. Aliita kwa upole sana. Nilifungua mdomo.

Mke wangu akaniziba mdomo kwa mkono wake mzima.

“Usiitike,” alisema.

Fundi alifunika mabeseni kwa mbao, akaweka mawe juu. Alisema oili hii haimwagwi, inazikwa. Akanitaka niape kwamba sitaigusa tena. Niliapa mbele ya watu wote. Ametia oili ya kawaida. Gari linakohoa. Mke wangu aliposikia kile kikohozi alicheka mpaka akalia, akaniegemea begani. Njia nzima kurudi nyumbani tuliongea. Mambo ya kawaida tu, nyanya, mvua. Sijui mara ya mwisho tuliongea lini.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala nikawaza, nimeamka na jibu. Kosa halikuwa la oili. Kosa lilikuwa mahali. Teksi inahitaji honi, na watu ndani yake wanapenda kusema. Kiapo changu, kwa hiyo, kilihusu magari.

Mtaa wa pili kuna mwenye kinu cha kusaga. Mke wake kajifungua wiki hii, na nyumba yao imegusana na kinu. Kinavuma kutwa nzima na mtoto analia kutwa nzima. Mwenye kinu macho yamemwiva. Nilipomweleza nina dawa, alinishika mikono yote miwili.

Nimetia mwenyewe, ile iliyobaki kwenye dumu. Tukawasha. Mkanda unazunguka, unga unashuka kama ukungu, na hakuna mnong'ono. Mwenye kinu alinikumbatia. Midomo yake ilikuwa inasema mengi, bila shaka shukrani. Kabla hatujawasha alishakubali kunitafutia wenye vinu wengine.

Nilipokuwa naondoka mke wake alitoka mlangoni na mtoto. Mtoto mdomo wazi, uso mwekundu, machozi yanamtiririka. Mama akamtikisa kidogo. Akaweka sikio lake mdomoni mwa mtoto. Akaniinulia uso, naye akafungua mdomo, akaufungua sana, akininyooshea mkono.

Nimempungia. Hakuna haja ya kunishukuru.

Nimewaandikia kwa chaki juu ya mashine, herufi kubwa: HAIMWAGWI.