Diski ya Pili Kutoka Chini

Jumatatu, 12 Mei 2025

Siku mbaya. Kompyuta kuu ya studio, ile inayobeba video zetu zote za harusi, ina diski nne, na moja imeanza kufa. Inalia kama nyenje. Niliisikia wiki iliyopita nikanyamaza, nikingoja Madamu Mukamana, mwenye studio, awe na nafasi ili nimpe habari mimi mwenyewe. Leo Raïssa amemwambia kwanza.

Raïssa alikuja juzi tu kutoka Kampala na shahada yake ya kompyuta. Mimi niko hapa tangu studio ilipokuwa chumba kimoja.

Madamu alitaka kujua kama tutasimamisha kazi. Harusi ya Kayitesi lazima iwe tayari Jumamosi, ukoo mzima unakutana Rebero kuitazama. Raïssa akasema hatuzimi chochote. Atachomeka diski mpya kwenye nafasi iliyo wazi, na kompyuta itahamisha vitu kutoka kwenye ile mgonjwa huku watu wakiendelea kuhariri. Madamu akasema msichana huyu ni baraka. Nikasema hata mimi nilikuwa najua. Hakuna aliyegeuka.

Jumanne, 13 Mei

Nimempeleka Madamu pembeni. Nikamwambia kubadilisha diski kompyuta ikiwa inafanya kazi ni sawa na kubadilisha tairi la pikipiki ikiwa mwendoni, abiria amekaa nyuma. Akashtuka, kama nilivyotaka. Akamwita Raïssa.

Raïssa hakukasirika. Akapanga vikombe vya chai mezani akaeleza kwamba kila video imehifadhiwa kwenye diski mbili tofauti, kwa hiyo moja ikifa, nyingine bado inayo. Madamu akaelewa. Hata mimi nikaelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha wakanywa chai katika vikombe vile vile. Sikumiminiwa.

Mchana diski mpya ikaingia. Asilimia zinapanda kwenye skrini. Watu wanapita kuchungulia kama wanaangalia mtoto mchanga.

Jumatano, 14 Mei

Bado inahamisha. Madamu anataka picha ya Raïssa ameshika diski ya zamani, iwekwe kwenye ukurasa wa studio. Mimi kwenye ukurasa huo kimewahi kuonekana kiwiko changu tu, tena kimekatwa nusu.

Nina mpango. Kazi ikikaribia kwisha, diski nitaitoa mimi. Atakayeishika ndiye atakayepigwa picha. Nimepiga pasi shati la bluu.

Alhamisi, 15 Mei

Raïssa alitoka kwenda kula. Skrini ilisema asilimia tisini na saba. Katika mtihani wowote ninaoujua, hiyo ni kufaulu vizuri sana. Kwenye skrini hiyo diski mgonjwa iliandikwa namba mbili. Nikahesabu kutoka juu, moja, mbili, nikavuta.

Connie, anayehariri harusi ya Kayitesi, akaniita kwa sauti nyembamba. Baba wa bibi harusi alikuwa amesimama kutoa hotuba, sasa ameganda kwenye skrini mdomo wazi. Hakuna kilichokubali kuhifadhiwa.

Kumbe nafasi zinahesabiwa kutoka chini. Nani huanza kuhesabu kutoka chini? Nilikuwa nimeng'oa diski nzima, na mgonjwa bado yumo ndani. Nikakumbuka vile vikombe. Kuna video ambazo nakala zake mbili zilikuwa kwenye diski hizo hizo, ile inayokufa na hii iliyo mkononi mwangu, ya moto kama andazi.

Raïssa akarudi akanikuta hivyo. Nikasema imetoka yenyewe.

"Kaka Gatera," akasema, "iweke mezani polepole. Usiitikise."

Alifanya kazi alasiri nzima bila kuinua kichwa, Connie akisali pembeni. Madamu aliporudi kutoka Kinyinya, kila kitu kilikuwa kinatembea tena. Raïssa akamwambia diski moja haikuwa imekaa vizuri, ameirekebisha. Jina langu hakulitaja.

Nilitakiwa nifurahi. Nilikaa chooni muda mrefu nikimchukia. Ana shahada, ana sifa, sasa ana huruma pia. Mimi nimebakiziwa nini?

Jumamosi, 17 Mei

Imekwisha. Diski ya zamani imetolewa, nakala zote zimekaguliwa, hakuna kilichopotea. Kayitesi alipiga simu kutoka Rebero akilia kwa furaha. Baba yake ameomba hotuba yake irudiwe. Madamu akamshukuru Raïssa mbele yetu sote, na wote wakapiga makofi.

Sikuvumilia. Nikasimama nikasema afadhali wajue ukweli. Ni mimi niliyeing'oa ile diski Alhamisi, tena kwa makusudi, ili kupima kama mitambo inastahimili. Bila mimi nani angejua?

Connie akafunika uso. Raïssa akatazama dirishani.

"Ni wewe?" Madamu akauliza, polepole sana.

Nikasema ndiyo, nikanyoosha kola. Hakuna aliyepiga picha.

Madamu akaninyang'anya ufunguo wa chumba cha kompyuta, akampa Raïssa.

Jumapili, 18 Mei

Nimetafakari kanisani mahubiri yote. Sasa naona wazi. Msichana yule alikuwa anautaka ufunguo tangu mwanzo.

Pale Sonatubes kuna fundi wa funguo. Anasema nimletee mfano tu, anachonga mwingine nikiwa nimesimama. Kesho asubuhi nitamwomba Raïssa aniazime wake. Hatanikatalia. Ana moyo mzuri mno, na hicho ndicho kinachoniudhi.