Malalamiko Kuhusu Spika Mbili Zinazosema Ukweli

Madimetja Choshi,
Mamelodi Mashariki.
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi.

Kwa Meneja,
Duka la Spika na Vyombo vya Muziki,
Mkabala na kituo cha treni,
Pretoria.

Mheshimiwa Meneja,

YAH: SPIKA MBILI NYEUSI ZA INCHI TANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote, hasa yule binti Kgaugelo wa kaunta ya spika. Yeye ndiye chanzo cha yote nitakayoeleza, ila sina kinyongo naye na naomba asifukuzwe kazi.

Mimi ni mstaafu wa posta. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa DJ wa mtaa wetu: harusi, ubatizo, mahafali, na watu wamecheza mpaka viatu vikavuliwa. Nilipostaafu mwezi Machi niliamua kutengeneza nyimbo zangu mwenyewe nyumbani, katika chumba alichokuwa akilala binti yetu kabla hajaolewa Polokwane. Nilikuwa na kompyuta, kinanda kidogo, kipaza sauti, na redio kubwa ya zamani yenye besi ya kutikisa vikombe kabatini. Nilichokosa ni spika za kazi.

Nikaja dukani kwenu. Kgaugelo akaniuliza kwa adabu, "Baba, unataka spika za kuchezesha watu, au za kukuambia ukweli?"

Naomba usimame hapo kidogo, Mheshimiwa. Je, hilo ni swali la kumuuliza mzee wa kanisa mbele ya wateja wengine? Ningejibu nini? Nikasema, "Za ukweli, binti yangu." Alinionya, siwezi kukana. Alisema, "Hizi hazipambi, baba. Kosa likiwepo utalisikia." Nikacheka, nikamwambia makosa akayatafute kwa vijana.

Baada ya hapo yamenipata haya yafuatayo.

1. Nina wimbo niliomtungia mke wangu Raisibe, unaoitwa "Fungua Dirisha, Mpenzi". Niliurekodi mwaka juzi na nimeupiga kwenye harusi nne, maharusi wakiingia ukumbini. Siku nilipofungua boksi lenu, huo ndio niliouweka kwanza, kwa heshima. Nikasikia mbwa wa jirani. Nikasikia mfuniko wa sufuria. Nikasikia pumzi zangu kati ya maneno, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la unga. Halafu nikaisikia sauti yangu. Mheshimiwa, niko chini ya noti za kinanda. Si sana, ni kidogo tu, lakini niko chini yake kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho na sijakosea kukosea hata mara moja. Redio yangu ya zamani haikuwahi kunitamkia jambo kama hilo. Ilikuwa na malezi.

2. Katika wimbo huohuo, baada ya ubeti wa tatu, kuna mahali muziki unanyamaza ili watu wapige makofi. Kwenye redio ya zamani besi ilikuwa bado inanguruma hapo. Kwenye spika zenu pakawa kimya, na ndani ya kimya hicho ikatoka sauti ya mwanamke jikoni, safi kabisa, akizungumza na dada yake kwenye simu: "Ngoja nifunge mlango, dada, ameanza tena huyu. Leo anaimba kama friji inayotaka kufa."

Nilirudia mara nne. Kisha nikamwita Raisibe.

"Hii ni sauti ya nani?"

Akasikiliza, mkono kidevuni. "Spika nzuri hizi," akasema. "Hata kijiko kinasikika."

"Mke wangu, tusibadilishe mada."

"Mada gani? Umeuliza sauti ya nani, ni yangu. Ungeniuliza miaka yote hiyo ningekwambia."

Jioni hiyo nilikula sahani yangu ya utumbo mpaka mwisho. Yeye hakuweza kula. Kila akiinua kijiko anacheka, anakirudisha. Nakukumbusha tu kwamba maharusi wa harusi nne wameingia kwenye ndoa zao takatifu wakisindikizwa na sentensi ile.

3. Nikampigia simu Kgaugelo kuomba msaada. Akauliza nimeziweka wapi. Nikamwambia juu ya kabati la nguo, zimegusa ukuta, zinapendeza. "Aa, baba! Zitoe ukutani. Ziwe usawa wa masikio yako. Wewe na hizo mbili mfanye pembetatu." Nikapima kwa futi. Ili pembetatu ipatikane, kabati lilipaswa kuhama, likahamia kwenye korido, na tangu hapo tunapita upande upande. Kisha kitanda. Kisha akasema chumba kina mwangwi, nitundike kitu kizito ukutani. Mimi ndiye mtunza mablanketi wa chama chetu cha kuzikana, mablanketi kumi na sita ya sufu, mazito kweli. Niliyapigilia yote. Ijumaa mwenyekiti akaja kuyachukua kwa ajili ya mkesha wa familia moja ya mtaa wa pili. Aliingia chumbani, akatazama kuta, akavua kofia. "Choshi," akasema, "unaumwa?" Kila blanketi sasa lina matundu manne. Naambiwa waombolezaji waliona baridi ikiingia kwa mistari.

Nakiri kwamba baada ya kuyatundika besi ilisikika vizuri mno. Hilo si malalamiko, naliandika kwa ajili ya kumbukumbu.

4. Dada yangu alifikisha miaka sabini. Nikazitoa spika nje, uani, nikaziweka juu ya viti viwili, nikafungulia muziki wa amapiano. Shemeji akaja karibu, akainama, akaweka sikio. "Zimewaka?" Nikamwambia zimewaka. Wageni wakaanza kunyamazishana ili wasikie. Umewahi kuona sherehe ambayo watu wanacheza kwa kunyata, Mheshimiwa? Shangazi yangu wa miaka themanini na minane alisema muziki ule ni mzuri sana kwa hospitali. Nilipompigia Kgaugelo alisikitika kweli. "Baba, hizo ni za chumbani, za kukaa karibu nazo. Za uani ni nyingine, za inchi kumi na mbili. Nilikuuliza." Ni kweli aliniuliza. Lakini hakuniuliza kwa nguvu.

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na hapa sitanii. Kanisa letu lina kwaya ya akina mama wa Alhamisi. Mama Molepo ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza tangu mimi nikiwa na nywele. Ni mjane, amelea watoto wa watu wengi, na kuimba ndiko anakoringia. Haringii kitu kingine chochote. Walikuja kwangu kurekodi wimbo wa maadhimisho ya kanisa. Akina mama kumi na tatu walijibana kati ya mablanketi, yaliyokuwa yamerudishwa ukutani baada ya mkesha, wakaimba, nami nikajaa fahari. Kisha wakaomba wasikie.

Kuna mahali wimbo unapanda. Mama Molepo anapanda nao, anapanda, anafika mlangoni pa noti ile ya juu, na haingii. Kwenye redio ya zamani pale huwa pana vishindo tu na kila mtu anasema amina. Kwenye spika zenu alisikika amesimama nje, peke yake, akihangaika. Hakuna aliyesema amina. Baadaye Mama Nkwana wa sauti ya pili akasema, "Kumbe!" Hilo tu. Mama Molepo akachukua mkoba wake, akatoka bila kumtazama mtu. Wenzake sita wakamfuata. Jumapili wakakaa upande wa pili wa kanisa, na wimbo wa kwanza uliimbwa na mchungaji peke yake.

Mchungaji aliniita nje ya mlango. "Mzee Choshi, kulitokea nini kwako?" Nikamjibu, "Spika ni mbovu, mchungaji. Zimetoka dukani zikiwa mbovu." Huo ni uongo, na nimeusema nikiwa nimeshika kapu la sadaka.

Kwa kuwa sasa nimeshasema, na kwa kuwa mzee wa kanisa hapaswi kuwa mwongo, njia iliyobaki ni moja tu: spika ziwe mbovu kweli. Hivyo basi naomba kwa unyenyekevu mkubwa:

(a) Barua yenye mhuri wa duka lenu, ikithibitisha kwamba spika hizi zina kasoro ya kiwandani inayoteremsha sauti za wajane na wastaafu wa posta.

(b) Kgaugelo aje Jumapili aisome barua hiyo mbele ya waumini. Atapewa chakula: kuku, ugali wa mtama na saladi ya kiazi chekundu.

(c) Nibadilishiwe spika hizi kwa zile zinazoongeza besi na kupunguza wake.

(d) Kuanzia sasa pawepo tangazo kwenye kaunta yenu kwamba ukweli hauuzwi kwa mtu mwenye ndoa au mwenye kwaya bila idhini ya maandishi ya pande zote mbili.

Nisalimie mlinzi wa mlangoni aliyenibebea boksi, yule bwana wa kaunta ya waya mwenye kikohozi, na mama yako mzazi kama yu hai. Raisibe anawasalimu pia, anasema mnafanya kazi nzuri. Nimemwambia hiyo si salamu ya barua ya malalamiko, amekataa kuifuta.

Ni mimi, mteja wako ninayesikia vizuri kuliko ninavyotaka,

Madimetja Choshi (Mzee)

N.B. Leo ni Jumamosi na barua bado sijaipeleka. Juzi Mama Molepo alikuja, hakuwa na mwenzake. Hakukaa. Akaomba afunguliwe chumba cha spika na aonyeshwe pa kubonyeza. Akafunga mlango. Mimi na Raisibe tulikaa jikoni tukimsikia akiirudia sauti yake kwenye spika, mahali palepale, karibu saa nzima, na hatukuweza kutazamana. Alipotoka aliomba maji. Kisha akaniuliza, "Choshi, mchungaji anasema hizi spika ni mbovu. Ni mbovu?"

Barua hii ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Hapana, mama. Ni nzima."

"Najua," akasema. "Nina miaka sitini na saba, na nyinyi nyote mlinisikia, mkaninyamazia. Tuuanzie wimbo chini kidogo."

Leo asubuhi wamerudi wote kumi na tatu. Wakauanzia chini. Mama Molepo akapanda, akafika, akaingia, akakaa humo ndani kama mwenye nyumba. Tulipousikiliza kwenye spika Mama Nkwana alikuwa analia na waliobaki walikuwa wanamtafutia leso.

Kwa hiyo naomba (a) mpaka (d) uzifute, na usitume mtu kuchukua spika, sitafungua geti. Ila kama mnazo zile za inchi kumi na mbili, pamoja na sabufa, niwekeeni jozi. Kgaugelo nitamsikiliza safari hii. Kesho nitasimama mimi mwenyewe mbele ya waumini niseme kwamba spika ni nzima na mwongo ni mimi. Raisibe ameshaninyooshea shati. Anasema niseme tu, nisiimbe.