Nusu Tangi na Barafu ya Pweza

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya tisa bila mke wangu Biasha. Yuko kwao Tingi. Shangazi yake kanipigia kuniambia kwamba hajakonda hata kidogo. Sikumuuliza!

Kosa langu ni moja tu. Nilikata tangi lake la maji katikati nifuge kambale. Nusu ya chini kambale, nusu ya juu wanalala kuku. Kambale walikuwa arobaini. Wamekufa arobaini. Biasha alisema haondoki kwa sababu ya tangi wala ndoo anazobeba kichwani tangu siku ile. Anaondoka kwa sababu nilipokuwa nakata, nilikuwa napiga mluzi.

Kikao cha pili cha suluhu ni Jumamosi, kwa baba mkwe. Cha kwanza kilivunjika. Eti nilimkatiza mzee mara kumi na nne. Uongo mtupu, zilikuwa tisa. Kasema safari hii ama naondoka na mke, ama naandika talaka palepale, kalamu anayo.

Nitakaaje kimya na moyo unaochemka hivi? Nimezunguka nyumba mara saba. Nimekaa. Nimesimama. Mwisho nimefungua simu, na jibu lilikuwa humo! Mzungu kifua wazi, kakaa ndani ya pipa la barafu, anatabasamu. Wachezaji mpira wanafanya hivyo uchovu uwatoke. Wengine wanafanya akili itulie. Dakika tatu kila siku na hakuna neno la mkwe litakalokutikisa. (La mkwe nimeongeza mimi.)

Na pipa ninalo. Nusu tangi! Kumbe sikukata bure.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda mjini Masoko, sokoni kwa Laurenti, mnunuzi wa pweza. Kasema barafu mpya ni ya pweza, lakini ile iliyokwisha kazi nichukue tu. Magunia mawili. Ina rangi ya waridi kidogo. Barafu ni barafu.

Nimeingia saa moja asubuhi. Nimehesabu mpaka kumi na moja. Sikushindwa, miguu ilitoka yenyewe.

Ambrosi, jirani yangu seremala, kasikia ukelele kaja mbio na nyundo akidhani mwizi. Msumeno uliokata tangi niliazima kwake, sasa anajifanya hausiki. Kauliza safari hii nafuga nini. Nikamwambia nafuga utulivu. Kasema na huo utakufa. Nikamtukana. Halafu nikakumbuka ninachofanyia mazoezi, nikamtukana kwa sauti ya chini.

Jumatano, 16 Julai

Paka sita. Wamenifuata mpaka mlango wa msikiti. Nimeoga kwa sabuni mara tatu, bado nanuka pweza.

Sekunde arobaini leo! Nikaona nipime matokeo. Nimempigia baba mkwe kumwamkia tu. Shikamoo, marahaba, vizuri kabisa. Kasema Biasha anakula, analala, na maji kwao yapo. Hilo la maji kalisema pole pole. Nikajikuta namweleza kwamba tangi lilikuwa na ufa tangu linunuliwe. Kakata simu.

Sekunde arobaini hazitoshi. Kesho magunia manne.

Alhamisi, 17 Julai

Dakika mbili! Vidole havikunjiki, naandika kalamu imeshikwa kwa ngumi. Mafua kidogo.

Mama Katarina, mke wa Ambrosi, kanisema kupitia uani. Kuoga barafu kipupwe hiki ni kutafuta baridi yabisi. Kasema mzazi anakandwa kwa maji moto, aliyeanguka mkorosho anakandwa kwa maji moto, mzee mwenye kiuno anakandwa kwa maji moto, mimi haya ya barafu kanifundisha nani? Nikamwonyesha yule Mzungu kwenye simu. Kamtazama sana. Kasema kwao ndiyo maji yaliyopo, maskini, aoge nini?

Watu wa hapa hawataki maendeleo.

Ijumaa, 18 Julai

Dakika tatu! Nimemaliza! Nimeruka nje nimtangazie Ambrosi, nikafungua mdomo, haikutoka sauti. Nimejaribu tena. Bata. Nimekunywa chai ya tangawizi. Bata mgonjwa.

Kikao kesho! Hotuba ninayo, kurasa nne, nimeandika sababu zote na ule ufa nimeuchora. Nani ataisoma?

Nyumba imenyamaza mno. Nimekaa kitandani upande wake. Namtaka mke wangu arudi. Nimepekua kurasa zote nne, hilo sikuliandika popote.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefika Tingi kwa bodaboda, upepo wote kifuani. Shikamoo ilitoka kama mlango mbovu.

Baba mkwe kaongea saa nzima. Kasema mimi ni mtu wa kukurupuka. Nikafungua mdomo, hakuna kitu, nikafunga. Kasema simsikilizi mtoto wake. Nilikuwa na majibu sita! Nikameza yote sita. Kalamu ilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Kayalalamikia na magoti yake, akarudi kwenye makosa yangu. Machozi yananitiririka kwa mafua, meno yanagongana. Mama mkwe kasema jamani mtoto wa watu analia, hamwoni?

Biasha akaulizwa. Kasema katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuniona nimemsikiliza mtu mpaka mwisho. Kama ndivyo nilivyobadilika, atarudi.

Baba mkwe karudisha kalamu mfukoni. Nikalia kweli.

Halafu wakanifunika blanketi wakanifukiza kwa majani ya mpera na mchaichai mpaka kifua kikafunguka. Lakini sifa ni za barafu.

Jumapili, 20 Julai

Biasha yuko nyumbani. Kalizunguka nusu tangi, kauliza mbona linanuka pweza. Sauti bado sina. Nikatabasamu. Tumekaa vizuri sana siku nzima.

Alhamisi, 24 Julai

Sauti imerudi. Biasha anasema anaikumbuka Jumapili.

Leo kimeshushwa kitu mlangoni. Tangi jipya! Lita elfu mbili, jeusi, linang'aa! Baba mkwe kalituma, zawadi kwa mkwe anayejua kusikiliza. Biasha kalipangusa kwa khanga yake, kaligonga gonga ubavuni, kacheka peke yake. Sijamwona akicheka hivyo tangu kambale.

Nimeguswa. Nataka kumlipa mzee fadhila. Na magoti yake je? Barafu! Dakika tatu tu, magoti mapya, na moyo wake nao utulie maana ana hasira. Tatizo, nusu tangi langu ni la lita mia tano na mzee ni pande la mtu. Hatatosha.

Lita elfu mbili akikaa, ananyoosha miguu kabisa. Na nusu yake tu! Nusu nyingine itabaki na maji ya Biasha, hapungukiwi kitu. Atafurahi, ni baba yake.

Nimekwenda kwa Ambrosi. Kauliza msumeno wa nini. Nikamwambia kabati. Kanipa.

Biasha yuko jikoni. Kaita kutoka huko, anauliza mbona napiga mluzi.