Kikohozi cha Nurdini

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nachingwea. Ufuta umeuzwa, kila mwenye sabufa anataka nyimbo. Steshenari yangu imejaa. Flashi zinaingia, flashi zinatoka.

Nurdini kapiga simu kutoka Ruangwa. Naye ana steshenari, jirani na stendi, na mlangoni kabandika tangazo kwamba flashi ya mgeni haichomekwi kabla ya kuskaniwa. Majivuno tu! Mtu kaja na flashi yake kwa heshima, wewe unampima kama mgonjwa. Kwangu mgeni anakaribishwa, na flashi yake pia.

Anataka nakala ya wimbo. Jumamosi tunakutana kwake, sisi tuliomaliza kidato cha nne pamoja, na nimeahidi kuwasikilizisha wimbo alioimba Saturnini bwenini mwaka 1994. Saturnini tulishamzika. Mjane wake, Semeni, atatoka Nambilanje kuja kuisikia sauti hiyo. Kanda yenyewe ilitafunwa na redio zamani. Wimbo umebaki kwenye kompyuta yangu. Nurdini anasema kitu cha thamani kisikae sehemu moja. Nimemjibu kipo salama. Ukweli? Nikimpa nakala, atashangiliwa yeye.

Jumanne, 4 Juni

Nimeusikiliza kabla ya kufungua duka. Redio ya patroni, iliyoturekodi, ilikuwa juu ya ndoo. Saturnini anayaimbia maharage yenye wadudu kama mtu anayebembeleza mchumba. Ubeti wa pili, Nurdini anakohoa. Miaka yote hii anakiita kikohozi hicho "sehemu yangu"! Kisha kengele ya chakula, Saturnini anacheka, ndala zinakimbia. Tulikuwa tunakimbilia maharage. Siku hizi hata nikiitwa pilau nanyanyuka taratibu, nikijadiliana na goti.

Mchana kaja Abdulatifu wa bodaboda. Flashi yake imeshatembea duka kwa duka. Nimeikaribisha.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Kila faili limegeuka alama ya kishale. Nabofya, halifunguki. Jalada la "Shule" lipo, ndani hewa tupu, wimbo haumo.

Nikapata mpango. Programu ya kuzuia virusi ni mlinzi; mlinzi mmoja ni mzuri, basi watatu ni wazuri zaidi! Nimewapakua wote bure, kutoka tovuti inayomwekamweka. Wakaanza kukamatana wao kwa wao. Wa kwanza kamwita wa pili kirusi. Wa tatu kawafungia wote, kisha akafungua matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Mama mchungaji alikuwa anasubiri ratiba ya kwaya. Kaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Juni

Kompyuta imeganda. Nimempigia Nurdini, nikamwambia umeme unasumbua huku. Kauliza:

"Flashi ya nani, Dismas?"

Nimekata simu. Mtandao nao unasumbua.

Jumamosi, 8 Juni

Ruangwa, na kompyuta yangu mapajani njia nzima kama mtoto anayepelekwa hospitali. Nurdini kaikagua mbele ya watu wote, wenye vipara na wenye miwani. Wimbo haupo. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Ikabidi nimwambie Semeni mwenyewe. Nilimwambia nikitazama viatu vyangu. Akafungua fundo la kanga, akatoa flashi mpya kabisa.

"Si hii uliyonipa siku ya kuanua matanga, shemeji? Sijawahi kuichomeka popote. Sikuthubutu kumsikia peke yangu."

Nilishasahau! Nurdini akaiskani hata hiyo, mbishi kama mwiba. Nilitaka kumwambia hiyo haina haja, ya shemeji hiyo, nikajizuia. Safi. Haijawahi kukutana na kompyuta nyingine.

Saturnini akaimba. Chumba kizima kikawa bweni. Kwenye kikohozi Nurdini alisimama na kuinamisha kichwa, kama msanii. Kengele ilipolia, watu wazima wote tukageukia mlango. Semeni alicheka pamoja na marehemu, kisha akajifuta kwa kanga hiyohiyo. Akaomba urudiwe. Tukaurudia mpaka chakula kikapoa.

Nurdini akatunza nakala, akaisafisha kompyuta yangu, akaniwekea mlinzi mmoja tu. Akanipa somo kama mwanafunzi wake: skani kwanza, pakua kwa wenyewe waliotengeneza, weka nakala nje ya kompyuta, na mlinzi usimzime hata iweje. Nimeitikia kila neno. Kanipa wimbo kwenye flashi, bure. Inauma, mtu akikusaidia bila kukusimanga.

Jumatatu, 10 Juni

Nachingwea. Nimebadilika! Nami nimebandika tangazo, herufi kubwa kuliko zake. Abdulatifu kaja, kaskaniwa, kanuna.

Mchana nikausikiliza wimbo tena. Sauti ileile, ndala zilezile. Na kikohozi. Sasa kila aliyekuwepo ataukumbuka kwa kikohozi. Nikawaza: je, kama Semeni angeusikia bila kikohozi? Zawadi gani ingepita hiyo?

Nimetafuta. Ipo programu, bure, inayofuta kikohozi chochote kwenye wimbo wowote. Tovuti inamwekamweka, lakini kwa rangi za kistaarabu. Sharti lake ni dogo: nimzime mlinzi kwa dakika chache, maana anawaogopa wageni.

Maskini, kafundishwa na Nurdini. Nimemzima. Flashi ya wimbo nimeichomeka kabisa, isije ikachelewa.