Saa Sabini na Mbili za Fundi Makochi

Jumapili, 6 Aprili

Nimeamka kijogoo. Jana jioni, stoo ya duka la vitambaa, katikati ya majora ya mahameli, nimethibitisha kuwa miaka sitini na saba si kitu. Mama Vitambaa shahidi. Nilikwenda kuchagua kitambaa cha kochi tu. Kitambaa sikuchagua.

Asubuhi nimegonga misumari kwa mluzi. Kinyozi, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara na adui yangu wa kudumu, akavuka kuuliza benchi la wateja wake litaisha lini. Nikamwambia wiki ijayo. Akasema wiki ijayo yangu imeshaota ndevu. Halafu, akitazama mawingu kama mtu asiyesema kitu, akasema Mama Vitambaa siku hizi anang'ara, hata yule dereva wa lori anayemletea mizigo ameliona hilo. Haondoki dukani!

Mluzi ukakatika.

Mchana, redio. Daktari mwanamke anasema mtu akilala bila kinga na mtu asiyejua hali yake, ziko dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Zianzwe ndani ya saa sabini na mbili, na anayewahi zaidi ndiye salama zaidi. Zikipita hizo, basi. Mimi niliishia darasa la tano, lakini siku tatu nazijua. Jumanne jioni mlango unafungwa.

Kinga? Kinga gani! Mfukoni nilikuwa na futi ya kupimia, basi.

Nimeazimia. Dawa nitazipata. Na hakuna atakayejua.

Jumatatu, 7 Aprili

Duka la dawa. Nimemwambia muuzaji nina rafiki yangu, kijana, mpumbavu sana, haambiliki. Akauliza rafiki ana umri gani. Thelathini. Akauliza kuna dawa nyingine anazotumia. Nikasema za presha na za goti. Akanitazama. Thelathini, na goti!

Akasema kwa upole huyo rafiki aende mwenyewe kituo cha afya, leo hii hii, asingoje kesho. Anapimwa kwanza, dawa hazichukuliwi kwa niaba ya mtu, na kule ni bure.

Bure! Kana kwamba shida yangu ni bei. Shida yangu ni kwamba anayetoa dawa hizo pale kituoni ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pili. Binti wa watu hajawahi kuniona hata na fulana. Akiniamkia hutazama sakafu. Nami nikipita jikoni na yeye yumo, hukohoa kwanza. Leo nikamwambie nini? Kwamba baba mkwe wake, kwenye majora…? Afadhali nimeze misumari.

Kituo kingine kiko upande wa pili wa mji. Mganga mkuu wake ni mteja wangu. Kochi lake liko kwangu tangu mwaka jana, na ndilo ninalolalia. Kule sikanyagi.

Jioni nimepata akili. Nzuri mno. Najionea wivu.

Jumanne, 8 Aprili

Mpango: mkamwana atoke kituoni, mimi niingie.

Asubuhi nimempigia mwanangu simu. Sauti ya kuzama. Kifua kinabana, mwanangu, naona ukungu, mlete mkeo nyumbani haraka. Nikakata katikati ya neno. Usanii huo! Kisha nikafunga mlango, nikapanda pikipiki, kofia imefunika nyusi.

Njiani tukapishana na mkamwana. Yuko juu ya pikipiki nyingine, viatu mkononi, analia. Nikajisikia vibaya mpaka kona ya pili.

Kituoni muuguzi kijana amenipokea vizuri. Nikasema shida yangu kwa pumzi moja, macho nimefumba. Akasema nimefanya la maana kuja. Ila ufunguo wa kabati la dawa hizo anao dada mkuu, na dada ametoka mbio sasa hivi. Baba mkwe wake anakata roho.

Nikakaa kwenye benchi. Sponji yake imekufa siku nyingi.

Kando yangu mama mmoja, miwani myeusi, ushungi mpaka puani. Akaguna. Guno lile nalijua. Mama Vitambaa! Nikamnong'oneza anafanya nini hapa. Akasema hicho hicho ninachofanya mimi, naye ana redio. Nikamwambia kumbe dereva wa lori anamtia hofu. Dereva gani? Yule ni mdogo wake, wa tumbo moja!

"Ninayemhofia ni wewe, baba," akasema. "Tangu ufiwe, umepima makochi ya wajane wangapi mtaa huu?"

Mimi! Nimekuja kujikinga na yeye, kumbe yeye amekuja kujikinga na mimi! Nikamjibu kwamba makochi nayapima kwa nia safi. Akasema hata Jumamosi nilikuja kwa nia hiyo hiyo. Foleni nzima ikashikwa na kikohozi.

Huku nyumbani, kumbe, makubwa. Mwanangu amevunja mlango, akakuta kochi la mganga mkuu tupu. Kinyozi amefunga duka na kuanza kupanga watu wa kunibeba. Swali lake la kwanza, nimeambiwa, lilikuwa benchi lake atalimalizia nani.

Alasiri, mtaa mzima umeshapekuliwa, mkamwana akarudi kituoni kuomba gari la wagonjwa ili anitafute. Akaingia akihema. Akaniona.

"Baba! Si unakufa?"

Nikasema nimeahirisha.

Akamtazama muuguzi kijana. Akatazama mlango wa chumba nilichokuwa nakingoja. Nikaona anaelewa, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Nikatamani ardhi ipasuke. Jua nalo limeshaanza kushuka. Miguu ikasimama yenyewe iondoke. Nikaikalisha. Nimeazimia ni nimeazimia!

Akaenda kunawa uso, akavaa koti jeupe. Akaita kutoka mlangoni: "Mteja anayefuata."

Si baba. Mteja.

Humo ndani hakutazama sakafu. Aliuliza yote: lini, vipi, kinga ilikuwepo au haikuwepo. Mimi nikautazama mzani, yeye akakitazama kidole changu alichokitoboa. Nikajibu yote. Sijawahi kusema kweli mfululizo namna hiyo, nilitoka jasho. Majibu: sina. Ila kipimo cha leo kinasema habari za zamani, za Jumamosi bado hakizijui. Kwa hiyo kopo la vidonge. Kimoja kila siku, saa ile ile, siku ishirini na nane, bila kuruka. Kisha nirudi kupima, na nirudi tena. Mpaka hapo, kondomu.

Cha kwanza nimekimeza mbele yake. Nikauliza majibu ya yule mama wa miwani. Akasema hayo ni ya yule mama.

Tulipotoka akavua koti. Macho yakarudi sakafuni. "Shikamoo, baba," akasema. "Na ule mlango utautengeneza mwenyewe."

Jumatano, 16 Aprili

Kichefuchefu. Nameza.

Mwanangu siku hizi anaingia bila hodi kuangalia kama napumua, hivyo kopo nililificha ndani ya sponji ya benchi la Kinyozi. Nani atapekua benchi? Leo nimekwenda kununua misumari, narudi, benchi hakuna! Kinyozi amechoka kungoja, amelibeba mwenyewe. Na saa ya kidonge imefika.

Nikavuka barabara. Wanaume wanne wamekalia afya yangu. Nikatangaza kwamba nimesahau sindano ya kushonea humo ndani, ndefu, imeelekea juu. Waliruka! Mmoja ana nusu ya ndevu. Nikachana kitambaa kipya, nikatia mkono, nikatoa kopo. Kinyozi akaliona.

Nikangoja alitangaze mtaa mzima. Akawaambia wateja wapishe nje, kuna sindano. Halafu akanisogelea sikioni. Akasema hizo anazijua. Alizimeza mwaka juzi. Nisiruke hata kimoja, na nikila kwanza, tumbo hutulia. Akanipa maji kwenye kikombe chake mwenyewe.

Nimemeza. Nimechukia. Hata hapa amenitangulia!

Jumatatu, 5 Mei

Kidonge cha mwisho. Sijaruka hata kimoja, hata siku niliyotapika. Maishani mwangu nimemaliza vitu viwili: hivi vidonge, na ndoa yangu. Na ile ndoa aliimaliza marehemu.

Jumanne, 8 Julai

Kipimo cha mwisho. Usingizi haukuja, chai haikushuka. Mkamwana akavaa koti, akaniita mteja, akatoboa. Tukangoja pamoja, kila mtu na ukuta wake. Kisha akanigeuzia kipimo nikione mwenyewe. Mstari mmoja. Sina! Macho yakanilowa. Nikasema ni vumbi la sponji. Akasema ndiyo, mteja, pale kituoni vumbi hilo ni jingi.

Akanipa nasaha ndefu na boksi zima la kondomu. Nikaitikia kila neno. Nimebadilika. Mtu mpya kabisa.

Mchana Mama Vitambaa akaniita dukani. Naye amemaliza, naye hana. Akasema nikitaka kupita jioni nipite, ila nije na kondomu, na habari za kupima makochi ya watu nyumbani kwao ziishe. Masharti gani haya! Mwanamke au benki?

Yule mama mpya wa duka la vioo, kwa mfano, haulizi swali hata moja. Amesema kochi lake linabonyea upande mmoja, nipite leo nilitazame. Nimeoga mara mbili. Shati limepigwa pasi. Boksi nimeliacha juu ya kabati. Si vizuri mwanamke wa heshima akadhani nimekuja na mpango.