Upande Wangu wa Trela

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe kaamua. Trela lake la alumini, lililofifia hadi likawa na ukungu mweupe kama limepakwa majivu, atampa mkwewe au mwanawe. Mkwe ni mimi. Mwana ni shemeji yangu, seremala. Kila mtu ang'arishe upande mmoja: wa barabarani wangu, wa ukutani wake. Jumamosi anakuja kukagua. Upande utakaong'aa zaidi, mwenyewe analichukua trela.

Lazima nilipate! Tangu mwenye nyumba achukue chumba changu cha kinyozi, mashine zangu zimelala chini ya kitanda. Nitaweka kiti ndani, nitundike kioo, nivifuate vichwa viliko. Shemeji anataka kubebea vitanda. Vitanda!

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kaosha upande wake kwa sabuni. Sasa anasugua kwa msasa na maji. Msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Na mluzi juu! Kanishauri nisiruke hatua. Nimemshukuru shingo upande. Mimi ni mtu wa akili, si wa misuli.

Jumatano, 5 Juni
Dawa ya unga ya kuzibulia mabomba! Kama inayeyusha uchafu wa jikoni, ukungu ni kitu gani? Nikakoroga, nikapaka, nikakaa kivulini. Povu likatoka. Nikafurahi. Kumwagia maji: upande mzima mweusi tii! Nimesugua hadi saa kumi. Weusi uko palepale, kilichochubuka ni mikono yangu. Mke wangu kauliza kama nimelichoma moto. Nilikuwa karibu kulia, basi tu.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kamaliza polishi, kapaka na nta ili ukungu usirudi. Nimejiona mle hadi vinyweleo vya puani. Nikaleta turubai, nikafunika trela lote hadi magurudumu, eti vumbi lisituharibie kazi. Marufuku kufunua kabla ya Jumamosi! Shemeji kakubali. Mke wangu kaingia ndani. Macho yake yalikuwa mekundu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeshinda kwa rafiki yangu fundi viatu, nikiwaza. Nimepata! Trela lina magurudumu mawili tu, mtu mmoja analigeuza. Kesho alfajiri upande unaong'aa utakuwa wa barabarani.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeligeuza, turubai na yote. Kiuno kimelia ko! Ndoano ya kuvutia ilikuwa imeelekea getini, nami nilikumbuka imeelekea jikoni. Sikujali. Saa tatu baba mkwe akafika. Nikavuta turubai kwa madaha. Weusi tii, mbele ya majirani wote!

Shemeji akashika kichwa. Akasema haelewi. Jana dada yake alimwendea akilia kwamba mumewe hana pa kufanyia kazi. Naye ana karakana yake, kwa hiyo akaligeuza trela mwenyewe ili mimi nishinde. Sasa nani kaligeuza tena? Baba mkwe akanitazama. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Trela kapewa shemeji.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu hasemi nami. Nimemweleza waziwazi: kosa ni la kaka yake. Mtu akitaka kumfanyia mwenzake wema, amwambie mapema, mwenzake ajipange!

Mchana shemeji kaja, hana hata kinyongo. Kasema nikiusugua ule upande mweusi kwa mkono, hatua kwa hatua, nitanyolea humo siku tatu kwa wiki. Niliona aibu, nikafurahi, nikampa mkono, nikaapa. Alipoondoka nikakimbilia kwa fundi viatu. Anasema kuna maji ya betri: unapaka tu, unakwenda kunywa chai.